Marehemu wa Kituo cha Saba

Habari hizi za nchi ya Rasimbali zililetwa na Siwema binti Haji, mshonaji wa sare za shule katika mji wa Kidundu, na kila amjuaye atakuambia kwamba si mtu wa kuongeza chumvi. Akikupima bega akasema inchi kumi na saba, basi ni kumi na saba, wala hatazifanya kumi na nane ili ufurahi. Ndiyo maana zimeandikwa hapa kama alivyozisema.

Rasimbali ni nchi nyembamba, imejinyoosha kando ya bahari kama utepe kwenye pindo la gauni. Watu wake ni wasafi, wapole, na wapenzi wakubwa wa mikutano. Miaka tisa kabla ya safari ya Siwema, siku ya Alhamisi mchana, bahari iliinuka, ikaingia mjini mpaka chini ya vilima, kisha ikarudi ilikotoka ikiwa imebeba mengi yasiyokuwa yake. Tangu wakati huo Kamati ya Jina hukutana kila Jumatano kuamua kama lililotokea lilikuwa wimbi, gharika au tufani. Kwa kuwa haijaafikiana, sheria inamkataza mtu yeyote kuliita kwa jina. Watu husema tu "lile jambo," na wakilitaja hutazama viatu vyao.

Siwema alikuwa na dada huko. Mashavu, aliyemzidi miaka tisa, aliolewa Rasimbali akiwa msichana, akafiwa na mume, hakujaliwa mtoto, na akabaki kwa sababu alikwisha kuizoea nyumba yake na migomba yake. Baada ya lile jambo Siwema alipata barua yenye mihuri mitatu, ikimjulisha kwamba dada yake ni mmoja wa watu mia nne na kumi na wawili waliopotea. Alilia, akakaa matanga, akaifunika cherehani yake kwa siku arobaini. Kila mwaka baada ya hapo ilimjia barua nyingine, ya kuwaalika ndugu wa marehemu kwenye Safari ya Faraja, siku saba, pamoja na mwongozaji. Kila mwaka aliitia kwenye droo, chini ya vifungo na tepe, asiisome hadi mwisho.

Mwaka wa tisa alitimiza miaka hamsini na miwili, umri ule ule aliokuwa nao Mashavu alipofariki. Jambo hilo lilimkosesha raha. Mwaka ukigeuka tena, yeye mdogo atakuwa mkubwa kuliko dada yake. Hakuona ni adabu kumpita bila kwenda kumwambia. Akaitoa barua kwenye droo, akaitia mkobani, akaenda.

Mwongozaji aliyempokea aliitwa Tindo Kalume, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye beji ya shaba kifuani na mwavuli wa kijani mkononi. Mgeni haruhusiwi kutembea Rasimbali bila mwongozaji, na mwongozaji haruhusiwi kutembea bila mwavuli wa kijani, hata kama jua limefichwa na mawingu na mvua haipo. Siwema aliunganishwa na wageni wengine saba. Kabla hawajapiga hatua, kila mmoja alipewa fomu ya kujaza katika kila kituo. Swali la kwanza lilikuwa: Umehuzunika kiasi gani? Kidogo, wastani, sana. Chini yake palikuwa na maandishi madogo: Anayejibu "kidogo" aeleze sababu.

"Na aliyehuzunika kabla ya kufika, aandike wapi?" Siwema akauliza.

Tindo aliigeuza fomu, akaitazama nyuma. "Hakuna nafasi yake, bibi," akasema. "Andika wastani."

Kitu cha kwanza kilichomshangaza Siwema ni magofu. Nyumba za ufukweni zilikuwa na nyufa, madirisha yaliyong'oka, na kuta zenye alama ya maji kimo cha mtu. Zilikuwa hivyo kwa amri. Sheria ya Magofu inasema nyumba iliyoharibiwa isitengenezwe mpaka wataalamu waikague, na wataalamu huja mara moja kwa mwaka, hufanya semina ya siku tatu juu ya namna bora ya kukagua, kisha huondoka wakiwa wamechoka. Kwa hiyo wenye nyumba wamefanya walichoweza. Kwa nje nyumba ni gofu, kwa ndani imepigwa lipu na kupakwa rangi. Siwema alimwona mwanamume mmoja akiligonga bati jipya kwa jiwe ili lionekane kuukuu, na jirani yake akirudishia alama ya maji ukutani kwa matope, akiipima kwa kamba ili isipande wala kushuka.

"Anafanya hivyo kila siku?" Siwema akauliza.

"Kila Jumatatu," Tindo akajibu. "Mvua huifuta. Asiyeirudishia anashtakiwa kwa kupona bila kibali."

Alilisema hilo bila kucheka, na Siwema naye hakucheka, maana mwanamume yule wa matope alikuwa ameacha kazi yake na kuwaamkia kwa heshima.

Kutoka hapo walipelekwa kwenye jengo la mahakama. Juu ya paa lake lilikuwa limekaa boti kubwa la forodha, lililoachwa pale na maji. Lilipopatikana, wanasheria walibishana kama boti juu ya nyumba ni chombo cha baharini au ni ghorofa. Kesi hiyo haikuweza kusikilizwa mahakamani, kwa kuwa mahakama yenyewe ilikuwa sehemu ya ushahidi. Baadaye likapatikana suluhisho ambalo Warasimbali wanajivunia mpaka leo, nalo ni kwamba Baraza la nchi likahamia ndani ya boti. Wajumbe hupanda kwa ngazi. Likija suala la kupiga kura, wanaokubali huenda upande wa kulia na wanaokataa huenda wa kushoto, na uamuzi hujulikana boti linapoinama. Pande zikilingana, boti hutulia, na hilo huitwa utulivu wa nchi. Tindo aliwaambia kwamba nchi imekuwa tulivu kwa miaka mitano.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, walifika Kituo cha Saba.

Palikuwa na uwanja mdogo wa mchanga, viti vya plastiki kwa wageni, na jukwaa la mbao lenye bango: SAUTI YA MAREHEMU. IGIZO. DAKIKA NNE. Siwema alikaa kiti cha nyuma kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Alikuwa amevua kimoja na anajikanda vidole pale mwanamke mmoja alipopanda jukwaani, mtu mzima, amejifunga kanga kiunoni na nyingine begani.

"Mimi siyo marehemu," mwanamke akaanza. "Naitwa Mashavu binti Haji. Siku ya lile jambo nilikuwa vilimani, nimekwenda harusini. Maji yalikata njia. Niliporudi mjini ilikuwa siku ya nne, na walikwisha kufunga hesabu siku ya tatu. Nilikwenda ofisini kuwaambia nipo. Wakanitazama, wakaitazama karatasi, wakaamini karatasi."

Wageni wengine walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja alianza kujaza fomu.

Siwema aliinua uso, bado kiatu kimoja kikiwa mkononi. Uso ule ulikuwa umekonda na nywele zilikuwa na mvi, lakini sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikimwita kutoka uani aje asukwe.

"Nina mdogo wangu," Mashavu akaendelea, akitazama juu ya vichwa vya watu kama mtu aliyezoea. "Anaitwa Siwema. Anakaa Kidundu, anashona. Barua yangu haipokelewi posta, maana posta wanataka kitambulisho, na marehemu hana. Basi nakuombeni mmoja wenu, akipita Kidundu, amwambie kwamba dada yake yu hai, na asikae matanga tena."

"Dada," Siwema akasema. "Mimi niko hapa."

Hakuisema kwa sauti kubwa, lakini uwanja ulikuwa mdogo. Mashavu alimwona. Mikono yake ikashika ncha za kanga. Hata hivyo zilikuwa zimebaki dakika moja na nusu. Alikuwa amesema maneno yale mara tatu kwa siku kwa miaka sita, nayo yalitoka yenyewe, moja baada ya jingine, akieleza rangi ya mlango wa nyumba yao ya utotoni na jina la mama yao, huku machozi yakimtiririka na macho yake hayaondoki kwa Siwema. Alipofika mwisho alikaa chini kwenye mbao, kama mtu aliyetua mzigo.

Wageni walipiga makofi kwa muda mrefu. Mmoja alimwinamia Siwema akamwambia kwamba igizo la mwaka huu limeboreshwa sana, na kwamba yeye mwenyewe asingeweza kujizuia kucheka kama angepewa kazi ya kuigiza akiwa amekaa kati ya watazamaji vile.

Siwema alikwenda jukwaani na kiatu kimoja mguuni. Walikumbatiana. Tindo Kalume alisimama pembeni akitazama mwavuli wake. Halafu akatangaza, kwa sauti ya kazi, kwamba chakula cha mchana kimesogezwa mbele na kwamba mpishi wa hoteli atawaonyesha wageni saba njia ya kwenda huko. Yeye aliwachukua hao dada wawili, akapita nao uchochoro ambao haumo kwenye ramani ya safari, mpaka kwa Mashavu.

Nyumba kwa nje ilikuwa gofu la kuridhisha kabisa. Ndani kulikuwa na sakafu nyekundu inayong'aa, kitanda kilichotandikwa, mitungi imepangwa, na nyuma, uani, migomba sita. Mashavu aliweka sufuria jikoni kwanza, ndipo akakaa. Siwema alimshika mkono, akawa anaupapasa kama anayekagua kitambaa.

"Walikuandika umekufa, nawe ukakubali kazi yao?" akamuuliza.

"Sikukubali. Nilikwenda pale ofisini kila siku kwa miaka mitatu. Mwishowe wakasema si vizuri mtu kushinda ofisini bila shughuli, na kwa kuwa maneno yangu wanayajua wote kwa moyo, bora niyasemee mahali penye viti." Mashavu akatabasamu kidogo. "Nikaona heri. Wageni wanatoka kila nchi. Nikasema, siku moja atapita mtu wa Kidundu. Walipita wawili, mdogo wangu. Walipiga makofi kuliko wote."

Siwema aligeuka kumtazama Tindo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nawe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, bibi."

"Ukasema ni igizo."

"Imeandikwa kwenye bango," Tindo akasema, na mara akaonekana kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Basi tuondoke leo hii," Siwema akamwambia dada yake. "Chumba kipo. Cherehani zipo mbili."

Mashavu alitikisa kichwa. "Mimi sikukuita uje unitoe. Nilitaka ujue tu. Hapa ndipo pangu, nimemzika mume wangu hapa, migomba hii nimeipanda mara mbili. Ninachotaka ni kuwa mtu hapa hapa. Nikienda posta nipokelewe. Nikigombana na jirani tupelekwe wote wawili kwa mwenyekiti, si yeye kushinda kwa sababu mwenzake hayupo duniani."

Kesho yake walikwenda Barazani. Mgeni katika Rasimbali husikilizwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa sheria inataka aondoke akiwa radhi, ilhali mwananchi huandikiwa tarehe. Siwema alipanda ngazi hadi kwenye boti, Mashavu nyuma yake, na Tindo nyuma yao akiwashikia ngazi. Mwenyekiti, Bi Zaina Mkumba, mama mnene mwenye miwani na sauti ya upole, aliwakaribisha na kumwomba mgeni aeleze haja yake.

"Naomba dada yangu aandikwe kuwa yu hai," Siwema akasema. "Ndiye huyu."

Msajili wa Waliopotea, Bwana Shaibu, alisimama. Alikuwa mtu mwembamba aliyezoea kusema akiwa ameshika karatasi hata kama haina kitu. Alieleza kwamba idadi ya mia nne kumi na wawili ilitangazwa siku ya tatu, ikachongwa kwenye mnara siku ya hamsini, na sasa imo katika wimbo wa shule. Mwalimu wa muziki aliitwa kutoa ushahidi. Alisema amejaribu kuimba "kumi na mmoja" badala ya "kumi na wawili," na watoto wanajikwaa, kwa sababu ule wimbo unataka pumzi moja zaidi. Wajumbe walinong'onezana kwa wasiwasi.

"Lakini mnamwona," Siwema akasema.

"Tunamwona," Bi Zaina akakiri. "Swali ni kama anaonekana kisheria."

Daktari wa Baraza alimshika Mashavu kifundo cha mkono, akasikiliza, akasema mapigo yapo na ni mazuri kuliko yake, ila mapigo si hati. Mashavu alitaka kusema kitu, na Bwana Shaibu akaomba kanuni ifuatwe, marehemu hawezi kulihutubia Baraza. Basi ikawa Mashavu anamnong'oneza mdogo wake, na mdogo wake anasema.

"Marehemu anasema ana kiu," Siwema akatangaza.

Maji yaliletwa. Bwana Shaibu aliomba iandikwe kwamba yameletwa kwa ajili ya mgeni.

"Marehemu anauliza," Siwema akaendelea, "je, wako wengine kama yeye?"

Wajumbe watatu walitazama viatu vyao. Bi Zaina alivua miwani, akaifuta, akasema swali hilo halimo katika ajenda.

Hapo Tindo Kalume aliomba kusema. Waongozaji huwa hawasemi Barazani, lakini hapakuwa na kanuni iliyowakataza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria kwamba watataka.

"Miaka sita nimewaleta watu wampigie makofi mama huyu," akasema. "Mwaka juzi nilishikwa na homa. Mke wangu alikuwa kwao. Mama huyu alikuja akanipikia uji siku nne, akanifulia na shuka. Siku ya tano nilipata nafuu, nikavaa beji, nikawaleta wageni, nikawaambia ni igizo. Yeye alikuwa jukwaani, akanitazama, wala hakunisuta. Sina zaidi. Nilitaka tu iandikwe kwamba uji ule niliunywa."

Mjumbe mmoja mzee aliinuka bila kuitwa, akaenda upande wa kulia. Akamfuata mwingine, na mwingine. Boti likalalama. Mbao zilitoa sauti, ubavu wa kulia ukashuka, kalamu zikaviringika mezani, na Siwema akashika mkono wa dada yake maana aliona ngazi ikianza kuachana na ukuta. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mitano Baraza kuelekea kuafikiana.

"Rudini," Bi Zaina akasema, bado kwa upole, ingawa alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili. "Nawaombeni wajumbe saba warudi kushoto. Hatuwezi kupitisha jambo kwa wingi utakaotuangusha sote."

Wajumbe saba wakarudi. Boti likatulia. Ikaandikwa kwamba suala limeahirishwa.

Siwema alikaa akiwaza. Kazi yake ya ushonaji ilikuwa imemfundisha kwamba nguo isipokubali mbele uigeuze uitazame kwa ndani. Alitoa mkobani ile barua ya mwaliko ambayo hakuwahi kuisoma hadi mwisho, akaisoma sasa, mbele ya Baraza, akifuata mistari kwa kidole. Nyuma ya karatasi, katika mstari wa chini kabisa, paliandikwa: Ndugu wa marehemu ana haki ya kuchukua masalia ya ndugu yake, yakipatikana, bila pingamizi.

"Mwenyekiti," akasema, "masalia ya dada yangu yamepatikana. Ni haya hapa. Naomba kuyachukua."

Kisha Bwana Shaibu, ambaye alikuwa mtu wa kazi na si mtu mbaya, alitabasamu kama aliyeondolewa mwiba. Idadi haikuguswa. Wimbo haukuguswa. Alifungua jalada, akatoa fomu ya zamani ambayo haikuwahi kutumika, akaijaza kwa mwandiko mzuri. Penye "hali ya masalia" aliandika: kamili. Penye "namna ya kusafirishwa" alifikiri kidogo, akaandika: yanatembea yenyewe.

Siwema alimgeukia dada yake, na ndipo alipokumbuka kwamba Mashavu alisema hataki kuondoka. Alisita. "Nisamehe," akanong'ona. "Sikukuuliza."

Mashavu aliitazama ile fomu kwa muda. Alikuwa amekunja uso kama anayehesabu mishono. "Weka sahihi," akasema. "Nitatoka maiti, nitarudi mtu."

Waliondoka siku ya saba. Afisa wa mpakani upande wa Rasimbali alisoma fomu, akamtazama Mashavu, akavua kofia kwa heshima ya marehemu na kumpa pole Siwema. Mashavu naye akampa pole kwa kazi ya kusimama juani. Hatua thelathini mbele, upande wa pili, karani wa kwao alikuwa anakula muhogo wa kuchoma.

"Huyu nani?" akauliza.

"Dada yangu."

"Kitambulisho?"

"Kimepotea majini."

"Yu hai?"

Siwema alimgeukia dada yake. Mashavu alijibu mwenyewe. "Niko hai, baba. Na huo muhogo unanukia."

Karani alimkatia kipande, akaandika jina lake kwenye daftari. Ilichukua muda mfupi kuliko kuutafuna ule muhogo.

Mashavu alikaa Kidundu miezi minne. Alishona vifungo, aligombana na majirani wawili na wote wawili wakapelekwa pamoja naye kwa mwenyekiti wa mtaa, na siku aliyoshindwa kesi alirudi nyumbani akiimba. Alipata kitambulisho, kikiwa na picha ambayo haikumpendeza. Mwezi wa tano aliomba ruhusa ya kuitembelea Rasimbali, yeye na mdogo wake, kama wageni.

Walipokewa vizuri. Mgeni ni mgeni. Walipewa chai ya tangawizi, fomu, na mwongozaji, naye akawa Tindo Kalume. Baraza lilitaka kumfukuza kwa ule ushahidi wake, lakini hakuna mwingine aliyejua njia zote, kwa hiyo walimnyang'anya mwavuli tu na kuibadilisha sheria kidogo, na sasa alikuwa anatembea na kofia ya ukili. Alipomwona Mashavu alitaka kuinama kumwamkia, akakumbuka kazi, akasema kwa sauti rasmi, "Karibuni Rasimbali. Mgeni ana haki ya kuitembelea nyumba yoyote aipendayo, mradi mwenyewe awepo. Tuanzie wapi, bibi?"

"Nyumba ile yenye migomba nyuma," Mashavu akasema.

Walikwenda. Njiani watu walitoka milangoni, wengine wakiwa na matope mikononi, wakamtazama akipita na kitambulisho kikining'inia shingoni. Mwanamke mmoja alimfuata hatua chache, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kule mpakani mtu huulizwa tu kama yu hai. Mashavu akamwambia ni kweli, na kwamba ajibu haraka, kwa maana karani ana shughuli zake.

Mlangoni kwa Mashavu, Tindo alifungua daftari. Sheria inataka mgeni apige hodi mara tatu. Asipoitikiwa, mwongozaji huandika kwamba mwenye nyumba hayupo, na msafara huendelea.

"Hodi," Mashavu akasema.

Kimya.

"Hodi hapa."

Tindo alitazama saa, kisha akatazama mbali. Mashavu akapiga hodi ya tatu, kwa nguvu, halafu akakusanya kanga zake, akazunguka nyuma ya nyumba upande wa migomba. Walisikia mlango wa uani ukisukumwa, nyayo zikivuka sakafu, komeo likivutwa polepole kwa sababu lilikuwa limeshika kutu.

"Karibuni," sauti ikasema kutoka ndani.

Tindo Kalume aliegemeza daftari kwenye kizingiti, akachovya kalamu, na katika nafasi ya nyumba ile akaandika kwa wino: Mwenye nyumba yupo.